Moyo Ulio Tumboni

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii niliijua tangu nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Likoni. Niliitumia katika insha zisizo na idadi, nikawaeleza wenzangu maana yake ya nje na ya ndani, na nilipofika uzamili nikaitolea mifano mbele ya wahadhiri wangu bila kugugumia. Hata hivyo, siku moja niliyotakiwa kuitenda, sikuitenda. Makala haya ni masimulizi ya siku hiyo na ya neno moja la Kiswahili nililodhani nalijua kuliko mtu aliyelitamka. Neno lenyewe ni moyo. Namwomba radhi mapema msomaji aliyezoea kukuta uhakiki wa riwaya na ushairi katika kurasa hizi. Safari hii nitamchukua hadi kwenye utumbo mwembamba, kwa kuwa huko ndiko neno hilo lilikoelekea, nami nikashindwa kulifuata.

Mama yangu hupika mahamri na mbaazi za nazi. Kabla ya adhana ya alfajiri huwa amekwisha kukanda unga, na jua linapochomoza watu wanaoshuka kwenda kivukoni hupita kibarazani kwake, wakanunua na kwenda wakila njiani. Maisha yetu yote ya Likoni yamefungamana na kivuko hicho. Ukitaka soko kubwa, hospitali kubwa au afisi yoyote ya maana, sharti uteremke ule mteremko, usimame katika umati, kisha upande feri uvuke mkondo wa Kilindini hadi kisiwani. Mwenye kwenda kwa miguu halipi nauli, ila hulipa kwa subira yake.

Mama alipofikisha umri wa miaka hamsini na kitu aliambiwa kuwa ana kisukari. Hakutaharuki. Katika mtaa wetu ugonjwa huo una wenyewe wengi, na watu huutaja kwa jina fupi zaidi: husema tu, "Fulani ana sukari." Alipewa vidonge vya metformini, dawa ambayo hutangulizwa kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili kote duniani. Wiki chache baadaye baba yangu akaaga dunia. Mama akaingia eda.

Wasomaji wasiotoka katika jamii za Waislamu huenda wakahitaji maelezo mafupi hapa. Mjane hukaa eda kwa muda wa miezi minne na siku kumi. Katika muda huo hujitenga na mapambo na manukato, na hatoki nyumbani ila kwa dharura. Matibabu ni miongoni mwa dharura hizo. Basi siku ya kwenda kliniki ilipowadia, nilifunga vitabu vyangu, nikamshika mama mkono, tukavuka. Alikuwa amejifunika buibui na ushungi, haonekani ila macho, na njia nzima hakusema maneno kumi.

Daktari tuliyemkuta katika hospitali hiyo alikuwa kijana wa makamo yangu, mpole, mtu wa bara. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini si kile cha nyumbani kwetu. Alimwuliza mama anaendeleaje na dawa. Mama akajibu kwa sauti ya chini:

"Moyo wanichafuka, mwanangu. Tangu siku zile, moyo wanichafuka."

Daktari akasita, kalamu mkononi. Akanigeukia mimi akaniuliza mama ana maana gani. Papo hapo nikamjulisha kwamba mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ya Kiswahili. Akatabasamu, akasema kwamba basi amempata mtaalamu.

Wapenzi wasomaji, laiti ningeishia kwenye kutabasamu pia! Nilimweleza daktari yule kwamba katika utamaduni wa Waswahili moyo ndio makao ya hisia. Nikamweleza kwamba mama yumo edani, amefiwa na mume waliyeishi naye miaka zaidi ya thelathini, na kwamba "kuchafuka kwa moyo" ni sitiari ya huzuni na fadhaa. Nilipokumbuka kwamba hata ini hutajwa katika ushairi wetu kama makao ya mapenzi, nikaliongeza hilo nalo. Daktari alisikiliza kwa heshima. Akampa mama pole, akamwambia kwamba huzuni hupungua polepole, akamsihi aendelee na vidonge vyake kama kawaida. Mama alinitazama kupitia ule upenyo wa ushungi. Sikuyasoma macho yake. Nilikuwa nimeridhika na uhakiki wangu.

Kile ambacho mama alikuwa amekisema, na ambacho bibi yeyote wa Likoni angekielewa bila kamusi, ni kwamba alikuwa akisikia kichefuchefu. "Moyo kuchafuka" ni kutaka kutapika. Maana hiyo imo kamusini. Niliijua tangu utotoni, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuitamka ndani ya matatu yenye joto. Lakini siku ile nilikuwa nimeketi mbele ya mjane, na miaka yangu ya kusoma fasihi ilikuwa imenifunza kutafuta maana iliyofichika. Nikasoma sitiari mahali ambapo mama alikuwa akisema jambo lake waziwazi.

Matokeo yake nitayaeleza kwa ufupi. Mama aliporudi nyumbani aliendelea na dawa kwa siku chache, kisha akaacha. Hakuniambia. Kwa nini aniambie, ilhali alikwisha kuniambia mbele ya daktari nami nikageuza maneno yake kuwa kitu kingine? Vidonge alivitia katika kopo tupu la maziwa ya unga, akaliweka rafuni nyuma ya mbuzi ya kukunia nazi. Eda ikaisha. Akarejea kwenye mahamri yake, na watu wakafurahi kumwona tena kibarazani. Mimi nikarudi chuoni.

Miezi kadhaa baadaye alijikwaa, akapata jeraha katika kidole kidogo cha mguu wa kulia. Jeraha halikufunga. Nilipoitwa, kidole kilikuwa kimegeuka rangi. Tulivuka usiku, mama amelazwa ndani ya tuktuk, kichwa chake mapajani mwangu. Walipompima, sukari yake ilikuwa 24 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Mtu mzima ambaye hajala kitu kwa kawaida hazidi 6. Kidole hakikuweza kuokolewa. Mama alirejea nyumbani na vidole tisa vya miguu.

Katika wodi ile ndipo nilipomkuta mwalimu wangu wa kweli wa Kiswahili. Alikuwa muuguzi wa makamo, mwenyeji wa Kisauni. Alimwuliza mama kwa nini aliacha dawa, na mama akajibu kwa maneno yale yale: "Moyo ulikuwa wanichafuka." Muuguzi hakunigeukia mimi. Alimwuliza mama:

"Moyo upi, mama? Niwekee mkono hapo."

Mama akautoa mkono wake chini ya shuka, akauweka juu ya tumbo, chini kidogo ya chembe cha moyo.

"Huu," akasema.

Mkono ule umekaa akilini mwangu tangu siku hiyo. Nilitaka kujua kuna nini hasa chini ya kiganja kile. Rafiki yangu mmoja anayesomea baiolojia alinielekeza nianzie wapi, nikasoma kwa miezi mingi mambo ambayo hayamo katika tasnifu yangu. Nitajaribu kuyaeleza hapa kwa lugha yetu, kwa kuwa naamini Kiswahili kinayaweza.

Chukua andazi moja la hamri. Ndani yake mna unga wa ngano, tui la nazi, iliki na sukari. Ulimi huonja utamu kwanza, lakini kazi ya ulimi ni fupi. Chakula kikishuka hadi sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, vimeng'enya huuvunjavunja wanga hadi ubakie sukari nyepesi iitwayo glukosi. Ukuta wa utumbo umefunikwa na seli ambazo nyingi kati yake kazi yake ni kufyonza. Hata hivyo, katikati yao, moja hapa na moja kule, zimo seli za aina nyingine zenye kazi ya kuhisi na kutoa taarifa. Seli zote za ukuta huo zenye kutoa homoni hukadiriwa kuwa takriban asilimia 1 tu ya seli zake. Miongoni mwa hizo chache ndimo zilimo zile ziitwazo seli za enterokromafini.

Seli hizi hutumia triptofani, kirutubisho kipatikanacho katika vyakula kama samaki, mayai na kunde, kutengenezea kemikali iitwayo serotonini. Huihifadhi katika vifuko vidogo vidogo na kungoja. Upande mmoja wa seli huelekea ndani ya utumbo, kule chakula kinakopita. Upande wa pili huelekea kwenye damu na kwenye ncha za neva. Sukari ikifika, seli huihisi. Mojawapo ya njia za kuihisi ambazo watafiti wamezibainisha katika seli za namna hii za utumbo ni mlango maalumu unaopitisha glukosi pamoja na sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi. Viwili hivi vinapoingia pamoja, hali ya umeme ndani ya seli hubadilika, kalisi ikaingia, na vifuko vikamwaga kilichomo. Kwa seli ya enterokromafini, kinachomwagwa ni serotonini.

Mlango huo wa glukosi na sodiamu unawahusu hata wasiojua kuwa upo. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza kwa mara ya kwanza mjini Prague mwaka wa 1960. Ni kwa sababu ya mlango huo kwamba mtoto anayeharisha hupewa maji yenye sukari na chumvi kwa pamoja: sukari huivuta chumvi, na chumvi huyavuta maji. Mama zetu wa Likoni wamechanganya maji hayo miaka na mikaka, na maisha ya watoto wengi yameokolewa katika kikombe cha plastiki.

Je, serotonini ikishamwagwa hufanya nini? Kwanza, huamsha neva za utumbo wenyewe, utumbo ukajikunja na kujikunjua ili kukisukuma chakula mbele. Pili, hugusa ncha za neva ndefu iitwayo vagasi, inayounganisha tumbo na shina la ubongo. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili wa binadamu imo katika njia ya chakula, wala si ubongoni kama wengi tunavyodhani tunaposikia ikiitwa kemikali ya furaha. Tena, serotonini ya tumboni haivuki kuingia ubongoni; ubongo hujitengenezea yake. Mtu wa Likoni ataelewa upesi: ni kama mzigo usioruhusiwa kupanda feri. Wenyewe hubaki ng'ambo hii, lakini habari zake huvuka, kwani neva ya vagasi huzichukua na kuzifikisha.

Habari zinazovuka si za shibe pekee. Serotonini ikimwagwa kwa wingi kupita kiasi, ujumbe unaofika ubongoni ni kichefuchefu. Madaktari wa saratani walilifahamu hili kitambo. Baadhi ya dawa za saratani huzifanya seli za enterokromafini zimwage serotonini kwa wingi, mgonjwa akatapika mfululizo. Ndiyo sababu hupewa dawa kama ondansetroni, ambayo huziba mahali serotonini inapoishikia neva. Metformini nayo inajulikana kuwaletea baadhi ya wagonjwa kichefuchefu na kuharisha, hasa mwanzoni, na baadhi ya watafiti wamependekeza kwamba serotonini ya utumbo ni mojawapo ya sababu. Haya yote yalikuwa chini ya kiganja cha mama. Alipoulizwa ni moyo upi, aliuonyesha mahali pake.

Historia ya kemikali hii ina funzo kwa sisi tunaosoma lugha. Katika miaka ya 1930, Vittorio Erspamer, Mtaliano aliyekuwa akifanya kazi mjini Pavia, alipata kutoka katika seli za enterokromafini kitu kilichofanya misuli ya utumbo ijikaze. Akakiita enteramini, yaani kitu cha utumbo. Mwaka wa 1948, huko Cleveland nchini Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page waliokuwa wakichunguza damu walipata kitu kinachoifanya mishipa ijikaze, wakakiita serotonini. Ilipofika mwaka wa 1952 ndipo ilipobainika kwamba enteramini na serotonini ni kitu kimoja. Mmoja alikitazama kutoka tumboni, wengine kutoka katika damu, na kila upande ukakipa jina. Katika isimu tungesema majina hayo mawili ni visawe. Mkasa wangu mimi ulikuwa kinyume chake: neno moja lenye maana zaidi ya moja, na mfasiri aliyeichagua maana iliyompendeza yeye.

Wataalamu wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka wa 2018, Diego Bohórquez, mzaliwa wa Ekuado, na wenzake katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba baadhi ya seli za kuhisi za utumbo wa panya huungana moja kwa moja na neva ya vagasi na kuipasha habari za sukari kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwaka wa 2020, maabara ya Charles Zuker katika Chuo Kikuu cha Columbia ilionyesha kwamba hata panya wasioweza kuonja utamu kwa ulimi hujifunza kuyapenda maji ya sukari kuliko maji yenye kitu kitamu kisicho sukari, kwa kuwa utumbo wao hutambua tofauti na kuuarifu ubongo. Ujumbe katika majaribio haya hautegemei serotonini, kwa maana utumbo una lugha zaidi ya moja, lakini maana yake ni ile ile: ulimi waweza kudanganywa, utumbo si rahisi.

Niliposoma habari hizo nilicheka peke yangu maktabani. Mama aliporudi kutoka hospitali nilimnunulia vidonge vya kutia chai utamu badala ya sukari. Alikunywa siku ya kwanza, akashukuru. Siku ya pili akaniambia, "Chai hii ni tamu, mwanangu, lakini moyo haujaipokea." Safari hii sikufasiri. Nilimwuliza, "Moyo upi, mama?" Akaweka mkono pale pale.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata, mama hakufunga. Madaktari walimshauri hivyo, na dini inamruhusu mgonjwa. Lakini magharibi ilipoingia aliketi nasi mkekani kama desturi. Ndugu zangu walianza kwa tende na maji. Niliwatazama kwa jicho jipya. Tende ikishashuka huchukua muda kabla ya sukari yake kuenea mwilini, lakini nyuso hubadilika mapema zaidi, maongezi huanza, mtu akaegemea ukuta, mwingine akasema, "Alhamdulillahi, moyo umetulia." Zamani ningeliandika daftarini neno hilo na kulitafutia nafasi katika sura ya sitiari. Siku hiyo niliwaza tu kwamba huenda msemaji alikuwa akitoa taarifa ya kweli kuhusu mwili wake, kutoka mahali pa mwili wake.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba wahenga wetu walizijua seli za enterokromafini. Kuna tabia miongoni mwetu wapenzi wa lugha ya kushangilia kila ugunduzi wa maabara kana kwamba Kiswahili kilitangulia kuufikia. Huko nako ni kusoma kwa pupa, ndugu ya pupa yangu ya kliniki. Tunaposema mtu ameshikwa na tumbo joto kwa hofu, au kwamba amekatwa maini kwa maneno, hatujaandika kitabu cha tiba. Lugha imehifadhi jambo moja dogo lakini la thamani, yaani kumbukumbu ya mahali watu wanapohisi mambo. Kumbukumbu hiyo humfaa anayeuliza. Anayejidai kuijua tayari huweza kumdhuru mtu kwayo.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza. Nilipomtembelea shangazi yangu huko Kisauni nilimwuliza yeye na majirani zake wasemaje wanapotaka kutapika. Wengi walisema moyo huwachafuka, wachache wakasema ni roho. Huko Changamwe, ambako wafanyakazi wa bandari na viwanda wametoka pembe nyingi za Kenya, nilisikia mtu akisema kwamba tumbo lamsokota, nikadhani ni jambo lile lile. Kumbe kwake yeye ilikuwa maumivu ya kukatakata, wala hakuwa na kichefuchefu. Mwingine alisema "moyo" akiwa na maana ya kiungulia kinachopanda kifuani. Mwingine alipotaja moyo alikuwa na maana ya moyo wenyewe unaodunda, na huyo ni mtu wa kupelekwa hospitali haraka. Vitongoji vitatu vya mji mmoja, neno moja, na kila maana ina matibabu yake.

Kwa hivyo nina ombi kwa wanafunzi wenzangu na kwa walimu wetu. Tumefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi za sayansi, na kazi hiyo iendelee. Glukosi, serotonini, kimeng'enya na kongosho ni maneno tunayoyahitaji, na nimejaribu kuonyesha kwamba yanaweza kukaa katika sentensi ya Kiswahili bila kuivunja mgongo. Lakini istilahi hizo ni za mtu anayemweleza mgonjwa. Maneno ya mgonjwa anayemweleza daktari hatujayashughulikia vya kutosha. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti angeweza kwenda katika mtaa wake mwenyewe na kukusanya namna watu wanavyoyataja maumivu, kichefuchefu, kizunguzungu, ganzi na uchovu. Kisha, mbele ya kila neno, aandike mahali msemaji alipoweka mkono. Orodha kama hiyo ingemfaa daktari kijana aliyepelekwa Pwani kutoka bara, na yule wa Pwani aliyepelekwa bara.

Mama yangu sasa anameza dawa yake. Walimwanzishia upya kwa kipimo kidogo, wakampa ile inayoyeyuka polepole mwilini, wakamwambia aimeze pamoja na chakula, wala si kwa tumbo tupu alfajiri anapokanda unga. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Angeweza kupewa maelekezo hayo siku ile ya kwanza, akiwa bado na vidole kumi, lau ningejibu swali la daktari kwa kumwuliza mama.

Niliwahi kumwomba msamaha. Ilikuwa alfajiri, jikoni, naye ameshughulika na karai la mafuta. Sikujua nianzie wapi, nikaanza tena na habari za sitiari. Akanikatiza kwa upole huku akiligeuza hamri lililoanza kuwa jekundu.

"Wasoma sana, mwanangu, na nafurahi," akasema. "Lakini siku nyengine, niulize."

Kisha akanipa hamri moja la moto, nikala nimesimama.